Melchior Ndadaye: Kutoka chama cha wanafunzi wakimbizi hadi Ikulu ya Bujumbura

MFANYABIASHARA anayevuka mpaka wa Kobero au wa Gatumba huenda amewahi kuishika sura ya Melchior Ndadaye mkononi bila hata kuitazama. Noti ya faranga 10,000 za Burundi ilibeba kwa miaka mingi sura yake pamoja na ya Mwanamfalme Louis Rwagasore, shujaa wa uhuru. Anayeingia nchini kwa ndege naye hutua kwenye uwanja ambao tangu mwaka 2019 unaitwa kwa jina lake.

Wengi wetu tunamkumbuka kwa mambo mawili tu: ushindi wake wa Juni 1993 na kifo chake cha Oktoba mwaka huo huo. Ila siasa za marehemu hazikuanza mwaka 1993. Zilianza ugenini, miaka 17 kabla, katika chama kidogo cha wanafunzi Warundi waliokuwa wakimbizi nchini Rwanda. Huo ndio upande wa maisha yake usiosimuliwa sana, na ndio unaotuhusu zaidi sisi tuliosoma uhamishoni na kurejea.

Masomo yaliyokatizwa

Ndadaye alizaliwa Machi 28, 1953 huko Nyabihanga, katika eneo lililokuwa chini ya mkoa wa Muramvya na baadaye likawa mkoa wa Mwaro. Baada ya shule ya msingi alichaguliwa kwenda shule ya ualimu ya Gitega. Kwa mtoto wa kilimani wa miaka ile, hiyo ilikuwa njia ya heshima: unasoma, unapata kazi ya kufundisha, unawainua wadogo zako.

Njia hiyo ilikatika mwaka 1972. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo, uasi wa Wahutu ulizuka kusini mwa nchi, hasa upande wa Rumonge na Nyanza-Lac, na Watutsi wengi waliuawa. Serikali ya Rais Michel Micombero ilijibu kwa mauaji makubwa zaidi, yaliyowalenga Wahutu, na hasa waliosoma: walimu, makarani, wauguzi, wanafunzi. Makadirio ya waliokufa mara nyingi hutajwa kuwa kati ya watu 100,000 na 300,000. Kuna shule ambazo wanafunzi wake walichukuliwa kwa malori na hawakuonekana tena.

Ndadaye alikuwa na umri wa miaka 19. Alikimbilia Rwanda, kama walivyofanya vijana wengi wa shule za Burundi, wakati makundi makubwa zaidi yakivuka kwenda Tanzania na Zaire. Alimalizia sekondari katika shule maarufu ya Groupe Scolaire ya Butare, mji ambao leo unaitwa Huye. Kutoka hapo akaingia Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda, mjini humo humo, akasomea elimu. Ile ndoto ya kuwa mwalimu hakuiacha mpakani.

BAMPERE

Mwaka 1976 Ndadaye na wenzake walianzisha vuguvugu la wanafunzi Warundi wapenda maendeleo nchini Rwanda, lililofahamika kwa kifupi kama BAMPERE. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake katika miaka ya mwanzo, hadi mwaka 1979. Wanafunzi Warundi walioko Ubelgiji nao walikuwa na chama cha namna hiyo, kilichoitwa MEPROBA. Katika miaka ile neno wapenda maendeleo lilikuwa na uzito wake: lilimaanisha vijana wa mrengo wa kushoto, waliotaka kuelewa umaskini na dhuluma kwa kutazama nani ana madaraka na nani hana.

Ndugu msomaji, tusilione jambo hili kuwa dogo. Mkimbizi hana uhuru wa siasa kama mwenyeji. Mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unamkataza mkimbizi kufanya vitendo vya kuhujumu nchi yoyote mwanachama. Mwanafunzi mkimbizi anayeanza kuzungumza mambo ya nchi yake huwa anacheza na nafasi yake ya masomo, na hata na ruhusa yake ya kukaa nchini. Kwa hiyo kazi kubwa ya vyama vya namna hii ilikuwa ni kukutana, kusoma na kujadiliana. Kwa nje havikutofautiana sana na vyama vingine vya wanafunzi.

Katika mzunguko huo wa wanafunzi wa Rwanda walikuwamo Cyprien Ntaryamira, aliyesomea kilimo, na Sylvestre Ntibantunganya. Hebu fikiria: wote watatu walikuja kuwa marais wa Burundi, mmoja baada ya mwingine. Ntaryamira alifika Ikulu mwanzoni mwa mwaka 1994 na kufa Aprili 6 mwaka huo, katika ndege moja na Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda. Ntibantunganya aliongoza hadi mapinduzi ya Julai 1996. Ni nadra sana vijana wachache waliokuwa wakihesabiwa kama wageni wasio na kwao kutoa viongozi watatu wa nchi moja.

Swali lililokigawa kizazi kizima

Mwaka 1979 baadhi ya vijana hao walipiga hatua nyingine, wakaunda chama cha siasa cha siri, UBU, yaani chama cha wafanyakazi wa Burundi. Sasa mjadala haukuwa tena wa vitabuni. Swali lilikuwa: tutarudi vipi nyumbani, na tukirudi tufanye nini?

Majibu yalitofautiana. Mwaka 1980, katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo nchini Tanzania, Rémi Gahutu na wenzake waliunda PALIPEHUTU, chama kilichojitambulisha waziwazi kuwa ni cha Wahutu na ambacho baadaye kilikuwa na tawi la wapiganaji. Ndadaye alifuata njia nyingine. Aliona kwamba mabadiliko hayatapatikana kwa kuyasubiri ng'ambo ya mpaka, na kwamba chama kinachotaka kuongoza Warundi lazima kiwe ndani, miongoni mwa Warundi wenyewe.

Baada ya chuo alifundisha kwa muda huko Save, karibu na Butare. Mwaka 1983 akaachana na UBU, akafunga mizigo, akarejea Burundi.

Hapa inafaa tutulie kidogo. Sisi wengi tulirejea baada ya mkataba wa amani wa Arusha wa Agosti 2000, tukiwa na karatasi za UNHCR na vyakula vya kuanzia maisha. Ndadaye alirejea wakati hakuna mkataba wowote. Nchi ilikuwa chini ya Kanali Jean-Baptiste Bagaza, chama kilikuwa kimoja, UPRONA, na jeshi lilikuwa lile lile lililohusika mwaka 1972. Alikuwa na kazi na amani ya kutosha Rwanda. Akaviacha.

Kilima kwa kilima

Nyumbani alifanya kazi katika kituo cha wagonjwa wa akili cha Kamenge, mjini Bujumbura. Baadaye akaingia kwenye mambo ya mikopo na benki, ambayo aliyasomea zaidi Ufaransa. Kwa jicho la serikali alikuwa mtumishi wa kawaida. Lakini mwaka 1986 yeye na wenzake, wengi wao wakiwa wale wale wa Rwanda, walianzisha kwa siri chama cha FRODEBU.

Haba na haba hujaza kibaba. Chama hicho hakikuwa na redio wala magari. Kilikuwa na walimu, wauguzi na mabwana shamba walioifahamu kazi ya kukaa na watu wachache na kuwasikiliza. Mtandao huo ulijengwa tarafa kwa tarafa, kilima kwa kilima, kwa namna ile ile ya vikao vya wanafunzi wa Butare: kundi dogo, kuaminiana, na kutunza siri.

Agosti 1988 damu ilimwagika tena huko Ntega na Marangara, kaskazini. Wahutu waliwaua majirani zao Watutsi, na jeshi likaua Wahutu kwa maelfu. Mwezi Oktoba Ndadaye alikosoa hadharani jinsi serikali ilivyokuwa ikilishughulikia suala la umoja, akafungwa. Alitoka mapema mwaka 1989. Kifungo hicho kilimtambulisha kwa watu ambao hawakuwa wamewahi kulisikia jina lake.

Katiba ya Machi 1992 iliruhusu vyama vingi, na FRODEBU ikasajiliwa mwaka huo. Juni 1, 1993 Ndadaye alimshinda Rais Pierre Buyoya kwa takriban asilimia 65 ya kura. Mwishoni mwa mwezi huo FRODEBU ilipata viti 65 kati ya 81 vya Bunge. Wachunguzi wengi wa siasa walishangaa. Walioshangaa waliihesabu FRODEBU kuwa chama cha mwaka mmoja, kumbe kilikuwa na miaka saba ya kazi ya chini kwa chini, na nyuma ya hiyo kulikuwa na miaka kumi ya mijadala ya uhamishoni.

Siku mia moja

Ndadaye aliapishwa Julai 10, 1993. Hakuunda serikali ya upande mmoja. Waziri Mkuu alikuwa Bibi Sylvie Kinigi, Mtutsi kutoka UPRONA na mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho Burundi. Makamu wa Spika wa Bunge alikuwa Gilles Bimazubute, Mtutsi aliyekuwa mwanachama wa FRODEBU.

Suala lililomkabili mapema ni lile tunalolijua kuliko wengine: wakimbizi. Baada ya ushindi, watu walianza kurudi kutoka Tanzania na Rwanda. Walikuta mashamba yao ya mwaka 1972, hasa Rumonge na Nyanza-Lac, yakiwa na wenyewe wapya, wengine wakiwa wamepewa kihalali na serikali zilizotangulia. Aliyerudi alikuwa na haki, na aliyekuta shamba amepewa naye alikuwa na watoto wa kulisha. Jambo hilo, pamoja na mabadiliko ya watumishi wa umma na mazungumzo ya kurekebisha vyombo vya ulinzi, lilizusha hofu kubwa kwa waliozoea kushika madaraka.

Usiku wa kuamkia Oktoba 21, 1993 wanajeshi walishambulia Ikulu. Ndadaye alipelekwa kwenye kambi ya jeshi na kuuawa humo. Aliuawa pia Spika wa Bunge, Pontien Karibwami, pamoja na Bimazubute na viongozi wengine. Marehemu alikuwa na miaka 40, na alikuwa madarakani kwa siku 103.

Yaliyofuata hayana budi kusemwa yote. Katika vilima vingi watu waliojidai kulipiza kisasi cha Rais waliwaua Watutsi, pamoja na Wahutu wa UPRONA, watu ambao hawakuwa na habari yoyote ya mapinduzi. Huko Kibimba, makumi ya wanafunzi Watutsi walichomwa moto. Jeshi nalo liliua Wahutu wengi katika kile lilichokiita kurejesha usalama. Mamia ya maelfu walikimbia nchi, na vita vikaendelea kwa zaidi ya miaka kumi. Oktoba 2020 Mahakama ya Juu ya Burundi ilimhukumu Buyoya na maofisa kadhaa kifungo cha maisha kwa mauaji ya Ndadaye, wengi wao wakiwa hawapo mahakamani. Buyoya alikana kuhusika, na akafariki Desemba mwaka huo.

Tunajifunza nini?

Mimi ni mwalimu, na nilisoma katika kambi za mkoa wa Kigoma baada ya vita kuanza. Tulifundishwa kwa mtaala wa Burundi, tukikariri mito na mikoa ya nchi ambayo wengine hatukuikumbuka. Kambini nako vijana walikuwa na vikundi vyao. Vingine vilikuwa vya kwaya na mpira, vingine vya kujadili mambo ya nyumbani, na vingine viliishia kuwapeleka vijana msituni. Kijana mkimbizi hakosi kundi la kujiunga nalo. Tofauti iko katika swali ambalo kundi hilo linajiuliza.

Wapo watakaosema mwisho wa Ndadaye unaonyesha kwamba njia ya kura ilikuwa ya ndoto. Ni kweli kwamba vijana wa Butare walijua kuongea na mkulima, lakini hawakuwa na namna ya kulifikia jeshi, na udhaifu huo uliwagharimu maisha. Lakini waliomuua hawakufaulu kuifuta kazi yake. Hata mkataba wa Arusha, pamoja na mapungufu yake, ulirudi kwenye yale aliyoanza nayo: serikali ya watu wa pande zote, jeshi la wote, na haki ya mkimbizi kurudi kwake. Na waliowachoma wanafunzi wa Kibimba kwa jina lake walimsaliti mtu aliyekuwa amesomea kufundisha watoto.

Suala la mashamba bado linatugusa. Tume ya ardhi iliundwa mwaka 2006, na kesi nyingi zilifika mbele yake, nyingine za ndugu kwa ndugu. Anayerejea leo kutoka Nyarugusu au Nduta atakutana na maswali yale yale ya mwaka 1993, na atayajibu akiwa amekaa na jirani yake kwenye kilima kimoja. Ndadaye aliyaanza maswali hayo akiwa kijana asiye na shamba, asiye na kura na asiye na pasipoti ya kwao. Alichokuwa nacho ni wenzake wachache wa chuo, na uamuzi kwamba majibu yanatafutwa nyumbani.