Burkitt: Tabibu wa jicho moja aliyefumbua fumbo la uvimbe wa taya

MASHAMBA ya majanichai ya Kericho na Bomet yametanda katika nyanda za juu, takriban mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ambako mvua na baridi ni neema kwa mkulima. Ukiteremka kuelekea Ziwa Victoria, mwendo wa saa chache tu, joto huzidi na mbu huongezeka. Tofauti hiyo kati ya mlima na bonde ndiyo iliyosaidia kufumbua fumbo la uvimbe uliokuwa ukiangamiza watoto wa Afrika Mashariki. Aliyeitambua ni Denis Parsons Burkitt.

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 mjini Enniskillen, Ireland. Babake alikuwa mhandisi aliyependa kuchunguza ndege na kuchora ramani za maeneo yao. Akiwa na umri wa miaka 11, Denis alipoteza jicho moja baada ya kupigwa jiwe. Alijiunga na Chuo cha Trinity, Dublin, kusomea uhandisi, kisha akageukia udaktari na kuhitimu mwaka wa 1935. Baadaye alifuzu kuwa daktari wa upasuaji.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alihudumu katika kikosi cha matibabu cha jeshi la Uingereza, ikiwemo nchini Kenya. Vita vilipomalizika, alirejea Afrika Mashariki mwaka wa 1946 na kuanza kazi Lira, kaskazini mwa Uganda, kabla ya kuhamia Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka wa 1957, daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amtazame mvulana aliyefura taya zote mbili, kushoto na kulia. Burkitt hakuwa amewahi kuona jambo kama hilo. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, alikutana na msichana mwenye uvimbe uo huo; na tumboni mwake pia mlikuwa na vivimbe. Hapo ndipo aliposhuku kwamba hayo yalikuwa maradhi mamoja. Mwaka wa 1958 alichapisha matokeo ya uchunguzi wake, na baadaye ikabainika kwamba ilikuwa saratani ya chembechembe za limfu.

Ili kujua ugonjwa huo ulipatikana wapi, alituma vipeperushi vyenye picha katika hospitali nyingi za Afrika. Kisha Oktoba 1961, pamoja na madaktari Edward Williams na Clifford Nelson, aliondoka Kampala kwa gari kuukuu. Walisafiri kilomita 16,000 kwa wiki 10 hadi kusini mwa bara, wakiuliza swali lilo hilo hospitali baada ya hospitali.

Ramani iliyopatikana ilishangaza. Katika Afrika Mashariki, uvimbe huo ulikuwa nadra mahali palipopita mita 1,500 hivi. Nyanda za juu za Kenya, zikiwemo zile za majanichai, zilikuwa nje ya mpaka wake, ilhali maeneo ya joto kando ya ziwa yalikuwa ndani.

Machi 1961, mtafiti Anthony Epstein alikuwa amemsikiliza Burkitt akihutubu mjini London. Mwaka wa 1964, Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong waligundua virusi ndani ya chembechembe za uvimbe huo. Virusi hivyo huambukiza watu wengi duniani bila madhara makubwa. Hata hivyo, malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara huidhoofisha kinga yake, nayo saratani hupata mwanya. Ndiyo sababu baridi ya milimani, inayopunguza mbu, ilikuwa ngao.

Kuhusu tiba, kisu kilishindwa, kwa kuwa uvimbe ulikuwa umeenea kabla ya kukatwa. Mulago nayo haikuwa na mashine za mionzi. Burkitt alijaribu dawa za kuua chembechembe za saratani, zikiwemo methotrexate na cyclophosphamide. Katika baadhi ya watoto, uvimbe uliyeyuka kwa siku chache, na wengine wao wakapona kabisa. Hadi leo dawa za aina hiyo ndizo nguzo ya matibabu.

Burkitt alirejea Uingereza mwaka wa 1966, akapata sifa nyingine kwa kuhimiza ulaji wa vyakula vyenye nyuzinyuzi. Aliaga dunia Machi 23, 1993 akiwa na umri wa miaka 82.

Funzo lake lingali hai, hata kwa wakazi wa Kericho na Bomet. Malaria imewahi kulipuka katika mashamba ya majanichai, na familia nyingi husafiri kati ya milima na ziwa. Uvimbe huu ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi zaidi. Waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto ambaye taya linafura na meno yanalegea asidhaniwe tu kuwa na jino bovu. Afikishwe hospitalini mapema, kwani ugonjwa huu ukiwahiwa hutibika.