Joseph Pilates: Mazoezi yaliyonolewa nyuma ya seng'enge

Ukisikia rafiki akisema Jumamosi ana klasi ya pilates, pengine unawazia tu nguo za kubana na ada inayouma mfuko. Kumbe hilo ni jina la mwanamume, na mazoezi yenyewe aliyanoa akiwa kizuizini.

Joseph Pilates alizaliwa 1883 mjini Mönchengladbach, Ujerumani. Utotoni alikuwa wa kuuguaugua, pumu ikimsumbua. Akaamua kuujenga mwili wake: ndondi, jimnastiki, chochote. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka 1914, alikuwa akiishi Uingereza. Ghafla kila Mjerumani pale akawa adui, hata asiyewahi kushika bunduki. Jamaa akakamatwa, akapelekwa kambi ya Lancaster, kisha 1915 akahamishiwa Knockaloe, katika kisiwa cha Man.

Knockaloe haikuwa mchezo. Lilikuwa shamba tu, likajazwa vibanda vya mbao na kuzungushiwa seng'enge, ndani yake wanaume zaidi ya 20,000. Hawakuwa na kesi wala tarehe ya kutoka. Sura ni zilezile kila siku, na huwezi kupata hata dakika moja ya kuwa peke yako. Daktari Mswisi, Adolf Vischer, aliyekagua kambi za aina hiyo, aliandika 1918 kuhusu alichokiita ugonjwa wa seng'enge: hasira za bure, usingizi kupaa, kusahau ovyo, kushindwa kutulia na kitabu. Kwa maoni yake, waliokaa humo zaidi ya miezi sita ni wachache mno walioponyoka kabisa.

Hapo ndipo Pilates alipoanza kufundisha wenzake. Mazoezi yake ya sakafuni hayakuhitaji vyuma wala uwanja, ila nafasi ya kulala chali. Unafanya polepole, ukifuata pumzi, ukikaza tumbo, ukiangalia kila pingili ya mgongo inavyojikunja. Ujanja uko hapo: akili ikishikwa na kazi hiyo, kwa muda huo haina nafasi ya kuhesabu siku. Inasimuliwa pia kwamba alifunga springi kwenye vitanda vya wagonjwa ili wajinyooshe wakiwa wamelala. Wengine huongeza kuwa hakuna mwanafunzi wake aliyekufa kwa homa ya 1918. Hiyo mimi naiweka kando.

Alirudi Ujerumani baada ya vita, na mwaka 1926 akahamia New York. Yeye na mwenzake Clara walifungua studio Eighth Avenue, na wacheza dansi waliokuwa wakiuguza majeraha wakaanza kumiminika. Yeye mwenyewe aliyaita mazoezi hayo Contrology, kwa kuwa alishikilia kwamba akili ndiyo inayotawala misuli. Alifariki Oktoba 1967 akiwa na miaka 83. Clara aliendelea kufundisha, na watu wakazoea kuyaita kwa jina la mzee.