Admirali Grace Hopper na Vita vya Maagizo Yasiyoeleweka

Askari yeyote, wa jeshi au wa polisi, ajua kuwa amri isiyoeleweka huleta hasara hata ikitolewa kwa nia njema. Grace Hopper, afisa wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, alipambana na adui huyo kati ya binadamu na kompyuta.

Alizaliwa New York tarehe 9 Desemba 1906. Mwaka 1934 alitunukiwa udaktari wa hisabati na Chuo Kikuu cha Yale, naye akifundisha katika Chuo cha Vassar. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto aliomba kuingia jeshi la akiba la wanamaji. Umri ulikuwa umezidi na uzito ulipungua, lakini mwaka 1943 akakubaliwa kwa idhini maalumu. Mwaka 1944 alipelekwa Harvard kuitumikia Mark I, mashine ya kukokotoa yenye urefu wa zaidi ya mita 15.

Siku hizo maagizo ya mashine yaliandikwa kwa alama na tarakimu tupu. Waandishi walinakiliana vipande vya maagizo, na katika kunakili wakakosea. Kosa likijificha humo, kulisaka kulikuwa taabu. Hopper akaona heri mashine ifanye kazi hiyo yenyewe. Mwaka 1952 akakamilisha A-0, programu iliyokusanya vipande hivyo, akaiita kompaila.

Kisha akataka maagizo yaandikwe kwa maneno ya kawaida, ili hata asiye mtaalamu ayasome na kuyakagua. Wakubwa wake walipinga kwamba kompyuta haifahamu maneno. Hakurudi nyuma. Lugha yake ya FLOW-MATIC ikawa nguzo mojawapo ya COBOL, iliyobuniwa mwaka 1959.

Alistaafu mwaka 1966, lakini mwaka 1967 jeshi likamwita tena kwa miezi sita. Miezi hiyo ikazaa miaka. Chini ya uongozi wake zilitungwa programu za kupima kama kompaila za watengenezaji mbalimbali zafuata kanuni moja ya COBOL. Aliliaga jeshi mwaka 1986 akiwa Rea Admirali, mwenye umri wa miaka 79. Alifariki tarehe 1 Januari 1992, akazikwa katika makaburi ya kijeshi ya Arlington.

Kompaila za leo humwonyesha mwandishi mstari wenye kosa. Ile isiyoeleza kosa lenyewe kwa lugha wazi ni sawa na ripoti ya doria isiyotaja mahali wala tukio: imeandikwa, lakini haimwokoi mtu.