Ajayi na Urithi Wake

Je, unalijua jina la baba wa babu yako? Alizaliwa wapi? Alifanya kazi gani? Watu wengi hawawezi kujibu maswali haya. Katika somo hili utasoma habari za mtu ambaye ukoo wake ulivunjwa kwa siku moja. Hata hivyo, aliujenga upya, akauachia urithi mkubwa. Urithi huo haukuwa mashamba wala ng'ombe. Soma polepole, nawe utaona ulikuwa nini.

Kutekwa

Ajayi alizaliwa mnamo mwaka 1809 katika mji wa Osogun. Mji huo ulikuwa katika nchi ya Wayoruba, ambayo leo imo Nigeria, Afrika ya Magharibi. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo.

Siku moja, mwaka 1821, washambuliaji waliuzingira mji. Nyumba zilichomwa moto. Ajayi alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili hivi. Alitekwa pamoja na mama yake na dada zake, wakafungwa kamba shingoni. Baba yake hakumwona tena. Baadaye walitenganishwa.

Fikiri, ndugu msomaji. Mtoto huyu alibadilishwa kwa farasi kama mzigo. Baadaye aliuzwa tena na tena, hata kwa tumbaku na pombe. Alikata tamaa mpaka akataka kujiua. Mwishowe alifikishwa Lagos, akauzwa kwa Wareno, akapakiwa melini ili apelekwe ng'ambo.

Lakini mwezi wa Aprili, 1822, manowari ya Waingereza iliikamata meli hiyo. Watumwa waliokuwamo walikombolewa. Ajayi alipelekwa Sierra Leone, mahali walipokaa watumwa wengi waliokombolewa.

Kusoma

Huko Sierra Leone Ajayi aliingia shule. Alijifunza pia useremala. Alikuwa na hamu kubwa ya kusoma. Baada ya miezi sita hivi aliweza kusoma kitabu cha Agano Jipya. Wewe uliyepita katika madarasa yetu unajua jinsi mwanzo ulivyo mgumu. Yeye alianza akiwa mgeni, hana mzazi wala ndugu, tena katika lugha asiyoijua.

Mwaka 1825 alibatizwa, akapewa jina la Samuel Crowther. Hata hivyo jina la Ajayi halikupotea. Hadi leo watu humwita Samuel Ajayi Crowther. Mwaka 1827 alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa chuo cha Fourah Bay. Kisha akawa mwalimu. Alimwoa Susan, ambaye jina lake la nyumbani lilikuwa Asano. Yeye naye alikuwa amekombolewa utumwani, na alikuwa mwalimu. Hivyo watoto wao walizaliwa katika nyumba ya walimu wawili.

Kumwona mama

Mwaka 1843 Crowther alipewa upadri huko London. Akarudi Afrika, na mwaka 1846 akaenda kufanya kazi Abeokuta, katika nchi yake ya Wayoruba. Huko habari zake zilimfikia bibi mmoja aliyeitwa Afala. Bibi huyo alifunga safari kwenda kumtazama padri huyo. Alikuwa mama yake mzazi.

Walikuwa wametengana kwa miaka ishirini na mitano. Aliondoka mtoto, sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Walishikana mikono, wakatazamana kimya, machozi yakawatoka. Mama alikuwa amekwisha kata tamaa ya kumwona mwanawe.

Mwaka 1848 Afala alibatizwa. Aliitwa Hana. Wasomaji wa Biblia wanajua kwamba Hana ndiye aliyekuwa mama wa Samweli.

Kazi yake

Crowther aliona kwamba watu hujifunza vizuri zaidi kwa lugha yao. Kwa hiyo alikusanya maneno ya Kiyoruba, akaandika kitabu cha msamiati na sarufi yake. Akishirikiana na wenzake, alitafsiri Biblia kwa Kiyoruba. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi.

Mwaka 1864 alifanywa askofu. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa askofu katika Kanisa la Kianglikana. Alifanya kazi kando ya mto Niger, akafungua vituo na shule. Alipokutana na Waislamu, alizungumza nao kwa heshima, bila kuwatukana.

Lakini uzee wake ulikuwa na uchungu. Wamisionari vijana kutoka Uingereza waliwashutumu wasaidizi wake Waafrika. Mwaka 1890 waliwafukuza baadhi yao kazini, na askofu mzee akadharauliwa mbele ya watu. Alijiuzulu kutoka katika kamati, lakini hakuliacha kanisa. Alifariki Lagos tarehe 31 Desemba, 1891.

Watoto na wajukuu

Je, kazi yake ilikufa pamoja naye? Hapana.

Mwanawe Dandeson alikuwa padri. Mwaka 1892 aliongoza makanisa ya mlangoni mwa mto Niger kujitegemea, yakajiendesha na kulipa gharama zake yenyewe. Hivyo alilinda heshima ya baba yake bila kupigana.

Binti yake Abigail aliolewa na Thomas Babington Macaulay. Mwaka 1859 bwana huyo alifungua shule ya kwanza ya sekondari katika Nigeria, huko Lagos. Abigail na mumewe walimzaa Herbert Macaulay, mwaka 1864, mwaka uleule babu yake alipofanywa askofu.

Herbert hakuwa padri. Alisomea upimaji wa ardhi Uingereza, akarudi kuwatetea watu wa Lagos waliponyang'anywa ardhi. Mwaka 1923 alianzisha chama cha siasa. Alifariki mwaka 1946, na Nigeria ikapata uhuru mwaka 1960.

Tujifunze nini?

Ndugu msomaji, babu alikuwa askofu, mwana alikuwa padri, mjukuu alikuwa mwanasiasa. Kazi zao hazikufanana. Lakini wote walisoma, wote walisimama na watu wao, na wote walikataa kudharauliwa. Huo ndio urithi. Mzazi hawezi kumchagulia mtoto kila njia, lakini anaweza kumpa mwenendo wa kutembea nao.

Tena, habari za Ajayi tunazijua kwa sababu aliziandika mwenyewe. Hakuona aibu kusema kwamba aliuzwa kwa farasi. Katika ukoo wako pia kuna habari za shida na za ushujaa. Wazee wanazo vichwani. Wakifa, zitazikwa pamoja nao. Sasa wewe unajua kuandika. Chukua daftari, keti na mzee wako jioni, uandike.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Ajayi alitekwa mwaka gani?
2. Kwa nini aliandika vitabu kwa Kiyoruba?
3. Dandeson alifanya nini baada ya baba yake kufariki?
4. Je, wewe ungependa wajukuu wako wakukumbuke kwa jambo gani?