Carl Spitzweg: mwenye diploma ya dawa aliyechagua burashi

Muzee mmoja amesimama juu kabisa ya ngazi, ndani ya maktaba. Ameshika kitabu kwa kila mkono, kingine amekibana kwapani, kingine kati ya magoti. Pua iko karibu kugusa karatasi. Mambo ya inje hayamuhusu. Ndiyo picha inayoitwa Mdudu wa Vitabu, iliyochorwa karibu mwaka wa 1850, na Wajerumani wengi wanaijua.

Aliyeichora, Carl Spitzweg, alizaliwa tarehe 5 Februari 1808 kule Unterpfaffenhofen, karibu na muji wa Munich. Baba yake alikuwa mufanyabiashara mwenye mali, na alikuwa amekwisha kuwapangia watoto wake watatu kazi: wa kwanza biashara, Carl dawa, wa mwisho udaktari. Carl alitii. Hata baba alipokufa mwaka wa 1828, hakuacha masomo. Alimaliza chuo kikuu cha Munich mwaka wa 1832, tena vizuri sana.

Mwaka uliofuata akapata ugonjwa. Wakati wa kupumzika ndipo alikata shauri: dawa basi, sasa ni kuchora tu. Franga za urithi zilimwezesha kula bila kutegemea mutu.

Hakusoma shule yoyote ya uchoraji. Alijifunza kwa kufuatisha picha za wachoraji wa zamani wa Uholanzi. Mwaka wa 1839 akaonyesha Mshairi Maskini: mutu amelala kitandani chini ya mwavuli, sababu dari linavuja. Pale Munich wengi hawakuipenda, waliona anachekelea washairi. Lakini hakuacha. Tangu 1844 alichorea pia gazeti la vichekesho, Fliegende Blätter.

Alicheka wale wanaojifungia na kazi yao, kumbe na yeye alikuwa wa namna ile: hakuoa, aliishi na picha zake. Labda ndiyo maana kicheko chake hakina ubaya. Yule muzee wa ngazi unamucheka, halafu unamuhurumia.

Mwaka wa 1875, chuo cha sanaa cha Munich, ambacho hakusomea, kilimpa heshima ya kuwa memba. Alikufa tarehe 23 Septemba 1885, akiwa na miaka 77.

Kwa wazazi wanaochagulia watoto kazi, maisha haya yana pande mbili. Carl alikuwa na kipaji ambacho baba hakukipangia nafasi. Lakini pia ni mali ya baba yule iliyomulisha mpaka picha zikaanza kuuzwa.