Mwenyeheri Isidore Bakanja

Isidore Bakanja alizaliwa karibu na mwaka 1885 katika kabila la Waboangi, katika nchi ya Ekwateri, huko Kongo. Tarehe 24 Aprili 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenyeheri. Lakini alipokuwa hai hakuwa mtu mkubwa. Alikuwa msaidizi wa waashi, kisha boi wa mzungu.

Alipokuwa kijana alikwenda Mbandaka kutafuta kazi. Huko alikutana na mapadri Watrapisti. Akajifunza katekismo, na tarehe 6 Mei 1906 akabatizwa. Akapata rozari, akavikwa skapulari ya Bikira Maria. Skapulari ni vipande viwili vidogo vya kitambaa vilivyoungwa kwa kamba. Kimoja hukaa kifuani, kimoja mgongoni. Ni kitu chepesi sana, tena cha bei ndogo. Kwa Bakanja kilikuwa alama ya kwamba yeye ni mtu wa Kristu.

Baadaye alimfuata bwana wake mpaka Ikili, kituo cha kampuni ya mpira. Hapo hapakuwa na kanisa wala padri. Jioni, kazi ikiisha, Bakanja alisali rozari yake waziwazi. Wenzake wakamwuliza maana yake, naye akawafundisha sala. Hakutumwa na mtu kufanya hivyo, lakini wenzake wakamwona kuwa mwalimu wao wa dini.

Mkubwa wa kituo hakupenda. Wenyeji walimwita Longange. Aliwachukia mapadri, kwa sababu walisema wazi juu ya mateso ya watu wa mpira. Basi akamkataza Bakanja kufundisha sala, akamwamuru avue skapulari.

Je, Bakanja hakuogopa? Aliogopa, kwa maana kila mtu wa kituo alijua uchungu wa kiboko. Aliomba ruhusa ya kurudi kwao, akanyimwa. Basi akabaki, akaendelea kusali, na skapulari akaiacha shingoni. Longange alipoiona tena, akaamuru apigwe viboko 25.

Mwezi wa Februari 1909 Longange aliiona mara nyingine. Akaikata shingoni kwa nguvu, akamtupia mbwa wake. Kisha akaamuru Bakanja alazwe chini na kushikwa mikono na miguu. Kiboko kilikuwa cha ngozi ya tembo chenye misumari. Alipigwa zaidi ya mara mia moja, hata nyama ya mgongo ikachanika. Wale waliompiga walikuwa wafanya kazi wenzake, nao pia waliogopa. Kisha akafungwa minyororo ndani ya nyumba ya kukaushia mpira.

Siku chache baadaye ikasikika habari kwamba mkaguzi wa kampuni anakuja. Longange akataka kumpeleka Bakanja kijiji kingine, ili vidonda vyake visionekane. Njiani Bakanja akajificha porini, ingawa alikuwa haweza kutembea vema. Mkaguzi alipofika, akatoka, akajikokota mpaka mbele yake. Mkaguzi alipoona mgongo ule alishtuka sana. Akamwokoa mkononi mwa Longange, akamchukua akatibiwe.

Lakini vidonda vilikuwa vimeoza. Mwezi wa Julai mapadri wawili walifika kumtazama. Akaungama, akapokea Komunyo na Mpako wa wagonjwa. Mapadri wakamshauri amsamehe Longange. Bakanja akajibu kwamba hana hasira naye, na kwamba akifika mbinguni atamwombea sana.

Aliteseka miezi sita nzima. Watu waliokuja kumwangalia walimkuta akisali, wala hakuficha mbele ya mtu yeyote kwamba alipigwa kwa sababu ya dini yake. Mwezi wa Agosti 1909 akafa, rozari mkononi na skapulari shingoni.