Mendeleev, mwalimu wa mwaka wa kwanza aliyeacha vyumba vitupu

Mwanafunzi anayeanza masomo kwenye Fakulte ya Sayansi ya Chuo Kikuu cha Kisangani, UNIKIS, analijua jina la Mendeleev mapema sana. Ni jina la tablo: ile karatasi kubwa yenye vyumba vingi, kila chumba na herufi yake na namba zake. H, He, Li, Be, B, C... Wengi wanaikariri kama vile mtoto anavyokariri meza ya kuzidisha, juu ya kuogopa egzame ya kemia ya jumla. Wachache ndio wanaojua kwamba tablo yenyewe ilizaliwa ndani ya kozi hiyohiyo. Kulikuwa na mwalimu, kulikuwa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na hakukuwa na kitabu cha kufaa.

Dmitri Ivanovich Mendeleev alizaliwa tarehe 8 Februari 1834 Tobolsk, Siberia, mji wa kando ya mto Irtysh, mbali kabisa na miji mikubwa ya Urusi. Alikuwa mtoto wa mwisho katika familia yenye watoto wengi sana. Baba yake, aliyekuwa mkuu wa shule, alipofuka macho mwaka uleule Dmitri alipozaliwa, na kazi ikamtoka. Mama yake, Maria, akabeba mzigo wote. Akashika kiwanda cha vioo cha familia yake kijijini, akalisha nyumba kwa kazi hiyo.

Mwaka 1847 baba akafariki. Mwaka 1848 kiwanda kikaungua. Mama mwingine angesema basi, mtoto atafute kazi hapahapa. Maria hakusema hivyo. Mwaka 1849, Dmitri alipomaliza shule ya sekondari, mama akakusanya kidogo kilichobaki na kumpeleka Moscow, safari ya kilomita zaidi ya 2,000, zamani ambapo Siberia haikuwa na reli.

Moscow wakamkatalia. Sababu ilikuwa sheria ya eneo: mwanafunzi wa Tobolsk alitakiwa kusomea Chuo Kikuu cha Kazan, wala si Moscow. Wakaendelea mpaka Saint Petersburg. Huko Dmitri akapata nafasi, na msaada wa masomo juu yake, kwenye Taasisi Kuu ya Ualimu, mahali baba yake alikuwa amesomea zamani. Ilikuwa mwaka 1850. Kabla mwaka huo haujaisha, mama yake akafa. Alikuwa amemfikisha mwanawe mlangoni, hakumwona akihitimu.

Mzazi wa Opala au Bafwasende anayeuza mbuzi na mafuta ya mawese ili mtoto alipe minervali hapa Kisangani hahitaji kuelezwa mama huyo alikuwa mtu gani.

Kijana hakuanza vizuri. Alama zake za mwaka wa kwanza zilikuwa za chini, na mwili wake ulikuwa dhaifu. Alitema damu, waganga wakadhani ni kifua kikuu. Hata hivyo mwaka 1855 alimaliza akiwa na medali ya dhahabu. Wakamtuma kufundisha kusini, kwenye hewa ya joto, na huko daktari mmoja alimpima akamwambia hafi leo wala kesho. Kweli, aliishi zaidi ya miaka 50 tena.

Mwaka 1859 alipata nafasi ya kwenda kufanya utafiti Heidelberg, Ujerumani. Mwaka uliofuata wanakemia wa Ulaya walikutana Karlsruhe, kwa sababu walikuwa hawaelewani juu ya jambo la msingi: atomu ya kila elementi ina uzito gani ikilinganishwa na zingine? Mmoja alitumia namba hizi, mwingine namba zile. Mwitaliano Stanislao Cannizzaro alionyesha njia ya kupata namba ambazo wote wanaweza kukubali. Mendeleev alikuwepo, akasikiliza. Bila mkutano ule, tablo isingewezekana.

Akarudi Saint Petersburg, na mwaka 1867 akapewa kiti cha kemia ya jumla kwenye chuo kikuu. Kazi yake: kuwafundisha wanaoanza. Shida ikajionyesha palepale: hakukuwa na kitabu cha Kirusi kinacholingana na kemia ya wakati ule. Basi akaanza kuandika chake, Misingi ya Kemia.

Wakati huo elementi zilizojulikana zilikuwa 63. Kila moja ilikuwa na tabia zake, rangi zake, chumvi zake. Mwalimu angezifundisha kwa mpangilio gani? Kwa alfabeti? Kwa mwaka zilipovumbuliwa? Buku la kwanza likajaa, na mle ndani alikuwa ameeleza elementi nane tu kwa urefu. Zilibaki 55, na nafasi ilikuwa ya buku moja tu! Mwalimu yeyote aliyewahi kuona muhula unaisha wakati silabusi iko katikati anaelewa jasho lile.

Alitafuta njia ya kuzifundisha kwa makundi. Aliziona zile zinazofanana. Lithiumu, sodiumu na potasiumu zote zinachachamaa zikiguswa na maji: ya kwanza polepole, ya pili inakimbia juu ya maji, ya tatu inashika moto. Zote zinatoa chumvi za namna moja. Watu wa msitu wa Congo wanaujua udugu huo jikoni: chumvi ya majivu ya majani, ambayo wazee walitengeneza kabla chumvi ya duka haijafika, ina potasiumu nyingi, na ile ya duka ina sodiumu. Zote mbili zinakoleza mboga.

Mendeleev akaweka kundi hilo pembeni ya kundi la klorini na ndugu zake, akapanga kwa uzito wa atomu. Kumbe uzito ukipanda, tabia zinabadilika hatua kwa hatua, kisha zinarudi tena kama mwanzo. Ni kama siku za juma: unatembea, unatembea, Jumatatu inarudi. Tarehe 1 Machi 1869 akamaliza tablo ya kwanza. Akachapisha karatasi 150 kwa Kirusi na 50 kwa Kifaransa. Kulikuwa na safari ya kukagua viwanda vya jibini, kwa hiyo alipopaswa kuisoma mbele ya Chama cha Kemia cha Urusi, mwenzake ndiye aliyeisoma badala yake.

Watu wanasimulia eti tablo ilimjia ndotoni usiku mmoja. Hata kama alilala, kabla ya usingizi huo kulikuwa na miaka ya kazi na buku zima lililogoma kumalizika.

Hakuwa peke yake. Mjerumani Lothar Meyer naye alipanga elementi karibu vilevile. Tofauti iko kwenye vyumba vitupu. Mahali ambapo hakuna elementi iliyoingia vizuri, Mendeleev hakulazimisha. Aliacha nafasi, na mwaka 1871 akaandika elementi tatu ambazo hakuna mtu aliyewahi kuziona: uzito wake, msongamano wake, hata namna chumvi zake zitakavyokuwa.

Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran akavumbua galiumu. Akapima msongamano wake, akapata 4.7. Mendeleev, aliyekuwa hajawahi kuigusa, akamwandikia apime tena, itafika karibu 6. Akapima tena: 5.9. Mwaka 1879 ikaja skandiumu. Mwaka 1886 Clemens Winkler akapata jermaniumu. Uzito uliotabiriwa ulikuwa 72, uliopimwa ulizidi kidogo tu. Hiyo jermaniumu imo hata kwenye madini ya Kipushi, karibu na Lubumbashi, na ndiyo iliyotumika kutengeneza transista za kwanza, zile zilizofanya redio iweze kubebwa mkononi.

Alithubutu pia kusahihisha namba za wengine. Uraniumu ilipewa uzito wa karibu 120. Kwenye chumba hicho haikukaa. Akasema irudufishwe, iwe 240. Leo inahesabiwa 238. Mwaka 1945 uraniumu iliyochimbwa Shinkolobwe, Katanga, ndiyo iliyokuwa sehemu kubwa ya ile iliyoingia kwenye bomu la Hiroshima.

Bwana huyu alikosea pia. Alishuka mguu kwa ugumu mbele ya elektroni na mionzi. Hakutaka kuamini kwamba atomu inaweza kugeuka. Argoni ilipovumbuliwa, mwanzoni aliikataa, baadaye akakubali kuipa safu. Aliweka telurumu kabla ya iyodini akidhani uzito wa telurumu ulipimwa vibaya. Nafasi ilikuwa sawa, sababu haikuwa sawa: mwaka 1913, yeye akiwa amekwisha kufa, Mwingereza Henry Moseley alionyesha kwamba kinachopanga elementi ni chaji ya kiini cha atomu. Ndiyo ile namba ya kwanza ambayo mwanafunzi anaandika leo kwenye kila chumba.

Na wanafunzi hakuwaacha. Mwaka 1890 walipogoma Saint Petersburg, aliwaambia watulie, akapokea barua ya madai yao na kuipeleka mwenyewe kwa waziri wa elimu. Waziri akairudisha. Mendeleev akaacha kazi ya chuo kikuu baada ya zaidi ya miaka 20. Kutoka mwaka 1893 aliongoza ofisi ya vipimo na mizani ya serikali. Mwaka 1906 jina lake lilifika karibu kabisa na tuzo ya Nobel, lakini ikaenda kwa Mfaransa Henri Moissan.

Alifariki tarehe 2 Februari 1907. Mwaka 1955 elementi namba 101 iliyotengenezwa Marekani ikapewa jina lake, mendeleviumu. Chuo cha Kisangani kilikuwa hakijafunguliwa. Kilianza mwaka 1963, na tablo ikafika nacho.

Anayejiandaa kwa egzame asianze na kukariri. Aanze kwa kusoma safu kutoka juu kwenda chini, aulize kwa nini majirani hawa wanafanana. Hivyo ndivyo ilivyopangwa, kwa ajili ya watu wa mwaka wa kwanza. Siku ya mazishi wanafunzi wa Saint Petersburg waliibeba, wakitembea mbele ya jeneza la mwalimu wao.